Mdhamini si Mthamini

Yako makosa ya tahajia tunayoyaacha yapite kwa kuwa macho yameyazoea. Fomu ya mkopo inaletwa mezani, penye nafasi ya saini pameandikwa "mthamini", na mjomba wa watu anatia saini bila kuuliza. Mthamini ni yule anayekuja kuikagua nyumba na kukadiria bei yake. Akishatoa ripoti na kulipwa ujira wake, amemaliza. Mdhamini ndiye atakayefuatwa mlangoni mkopaji akishindwa kulipa. Tofauti yote hiyo imo katika herufi moja!

Thamini na thamani asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya bei. Dhamini na dhamana yana asili nyingine kabisa, yenye maana ya kubeba jukumu. Kiarabu kina dhali, dhadi na dhaa, herufi tatu mbalimbali, nasi tumezikusanya zote katika dh: ndizo zilizomo katika dhahabu, fedha na hifadhi. Zai yao ikabaki z kwetu, kama katika zaituni na riziki. Kwa hiyo anayeandika "ridhiki" akidhani ndio ufasaha amekosea sawasawa na anayeandika "feza".

Tazameni pia mabango ya sikukuu. Azimio la Arusha la 1967 lina z, maana kuazimia ni kukata shauri. Maadhimisho yana dh, maana kuadhimisha ni kutukuza, na ndugu yake ni adhimu. Anayetuandikia kwamba taifa "linaazimisha" Sikukuu ya Muungano ametunyima huo utukufu aliokusudia kuutaja.

Wako wasemao, mradi tumeelewana. Kwenye mazungumzo nakubaliana nao: lugha nyingi za bara hazina sauti hizi, na ni utovu wa adabu kumcheka mtu kwa lafudhi ya kwao. Lakini anayechapa mkataba au kitabu cha shule hana lafudhi ya kusingizia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ipo tangu 1981. Na aifungue kabla ya kupeleka kazi mtamboni.

Nanyi walimu, msiwape watoto neno likiwa peke yake. Wapeni na jamaa zake: dhamini, dhamana, mdhamini, kisha thamini, thamani, mthamini. Watungiwe sentensi, wazisome kwa sauti, na daftari likija na kosa lisahihishwe siku hiyo hiyo.