Kabla ya kuongeza upepo, kagua chupa

Roketi ya chupa imeruka mara tano na kupita paa la nyumba. Mtoto wa darasa la sita, yuko likizo Mwitongo, Butiama, anaikimbilia na kuirudisha. "Baba, tuongeze upepo, ipite na ule mwembe!" Baba tayari ameshika pampu ya baiskeli.

Mzazi, hapo simama kwanza.

Roketi hii haina moto. Ni chupa ya soda ya plastiki yenye maji, imezibwa kwa kizibo chenye vali ya tyubu na kusimamishwa mdomo chini. Upepo ukijaa, kizibo huchomoka, maji hutoka kwa kasi na chupa hupaa. Upepo ndio injini yake. Injini ikizidi mwili, mwili hupasuka.

Kila inapojazwa, plastiki hutanuka kidogo. Kila inapoanguka, hupata mkwaruzo au mkunjo. Ndiyo maana chupa iliyovumilia asubuhi inaweza kupasuka jioni kwa upepo uleule, mtoto akiwa ameiinamia.

Fanya hivi:

• Tumia chupa ya soda. Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno.

• Pampu iwe na geji, na usivuke PSI 50. Kizibo kikigoma, toa upepo kupitia pampu, mtoto asiisogelee.

• Jaza maji theluthi moja. Yakizidi, roketi huwa nzito. Yakipungua, msukumo huisha mapema.

• Mapezi yabandike kwa selotepu. Gundi ya moto hulegeza plastiki.

• Kabla ya kurusha, pitisha kidole. Ukikuta ufa, mkunjo au alama nyeupe, hiyo basi. Hata iliyo nzima, ikisharuka mara 10, istaafishe.

• Mpira wa pampu uwe mrefu, watoto wasimame mbali, na pasiwe na nyaya za umeme juu.

Mtoto akilalamika, msimulie ya Malindi, Kenya. Desemba 12, 1970, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na mji huo, ikibeba setelaiti ya kilo 140 hivi iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Scout ilikuwa roketi ndogo, na mzigo wake ulipimwa kulingana na nguvu zake.

Kisha mwachie abadili maji na mapezi, aandike kila mara imefika wapi. Mwembe unaweza kupitwa bila kugusa geji.

Na ile chupa iliyostaafu? Itobolewe kizibo, imwagilie miche.