Elimu ya Juu Si Tijara

Juzi, katika mahafali ya chuo kimoja jijini Dar es Salaam, mgeni rasmi alinena mbele ya wahitimu na wazazi wao kwamba ajira ya kudumu humzoesha mhadhiri uvivu, na kwamba vyuo vikuu vingestawi lau vingekabidhiwa makampuni, ambayo humlipa mtu kwa vipindi alivyofundisha tu. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi nilighadhibika, na ghadhabu hiyo haijanitoka.

Maneno hayo yamekwisha kutahiniwa Marekani, yakafeli. John Sperling, ambaye kabla ya hapo alikuwa profesa katika chuo cha umma, aliasisi mwaka 1976 University of Phoenix, chuo cha kutafuta faida ambacho aghalabu ya wahadhiri wake ni wa mikataba mifupi. Na kufikia mwaka 2010 wanafunzi wake walizidi 400,000. Natija yake ni ipi? Mwaka 2019 chuo hicho kilikubali suluhu ya dola milioni 191, kulipa fedha na kusamehe madeni ya wanafunzi, baada ya serikali kukituhumu kuwa matangazo yake yalijinasibisha kwa uongo na waajiri wakubwa. Vyuo vingine vya kutafuta faida navyo viliporomoka: Corinthian Colleges ilifungwa mwaka 2015, ITT Technical Institute ikafuata mwaka 2016, na maelfu ya vijana wakaachwa na madeni pasipo shahada.

Vyuo vya namna hiyo hufeli kwa sababu mwalimu asiye na dhamana ya kazi yake hathubutu kumwambia mwanafunzi kwamba ameshindwa. Jirani yangu mmoja, kijana mwenye shahada ya uzamili, hufundisha vyuo vitatu kwa kibarua, hana ofisi, na karatasi za mitihani huzisahihisha ndani ya daladala, amezipakata mapajani. Muhula uliopita aliwapa sifuri wanafunzi walionakiliana kazi neno kwa neno. Mkuu wa chuo kimojawapo alimwita akamwambia, "Mwalimu, hawa ndio wanaotulipa." Alama zikapandishwa, na muhula huu kijana yule hakupangiwa kipindi hata kimoja chuoni hapo.

Eti mwenye ajira ya kudumu hulala! Basi na tumlipe hakimu kwa kesi, apate kuchangamka, tuone haki itamwendea nani kati ya tajiri na maskini. Mhadhiri naye ni hakimu wa elimu, na hukumu yake haina thamani iwapo riziki yake imo mikononi mwa anayehukumiwa.

Ewe mzazi, kabla hujalipa ada, uliza chuo hicho kina wahadhiri wangapi wa kudumu, na katika somo la mwanao ni akina nani. Wakibabaika kujibu, chukua fedha zako uondoke.