Mwachieni Mtoto Kalamu Yake

Kazi ya nyumbani hupewa mtoto. Hapa Kenya tumezoea kuiona ikifanywa na mama aliyetoka kibaruani saa moja usiku, mkasi mkononi, huku mwenye kazi amelala fofofo. Tunaita hayo malezi bora. Mimi nayaita unyang'anyi.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 kuchukua nafasi ya 8-4-4, uliahidi kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda na mzazi atashirikishwa. Wazo zuri. Lakini kushirikishwa kukageuka ukandarasi. Mtoto akaagizwa sanamu ya kutishia ndege, baba akaishona. Akaagizwa picha, mama akakimbilia saiba kuzichapisha. Asubuhi mwalimu akatoa alama, akidhani anapima umilisi wa mtoto.

Kando ya masomo yangu ya uzamili, nafundisha tuisheni watoto wa Gredi ya 4 na ya 5 jijini Nairobi. Mtoto anayefanyiwa kazi namtambua upesi. Ukimpa hesabu ya sehemu, haangalii karatasi, anakuangalia wewe usoni, akingoja nyusi zako zimwambie kama amepata. Akikosa, hafuti akajaribu tena. Anausukuma upande wako ule mzigo wa daftari. Si mvivu huyo. Amefundishwa, jioni baada ya jioni, kwamba akili yake haitoshi.

Wala si hisia zangu tu. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Wazazi wanaoogopa hesabu walipowasaidia watoto wao mara kwa mara, watoto hao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka ule, nao wakaumaliza wakiiogopa zaidi. Wazazi waoga vilevile waliosaidia kwa nadra hawakuwaambukiza watoto wao hasara hiyo.

Mtaniambia: mtoto akienda mikono mitupu, ataaibishwa mbele ya wenzake. Kweli. Ndiyo maana lawama ya kwanza naiweka kwa shule inayotoa kazi ambayo mtoto wa miaka 8 hawezi kuifanya peke yake. Kazi ya namna hiyo hupima kama nyumbani kuna simu janja, pesa za saiba na mtu mzima aliyesoma. Mtoto anayelelewa na nyanya asiyejua kusoma anapunguziwa alama kwa kosa gani?

Tena nyanya huyo tusimdharau. Anaweza kuzima redio, akasogeza taa mezani na kusema, "Haya mjukuu wangu, nieleze, leo mmefundishwa nini?" Hajui jibu, kwa hiyo hawezi kumpokonya mtoto jibu lake. Na mtoto anayemweleza asiyejua hana budi kuelewa kwanza yeye mwenyewe. Wasomi wangapi mtaani kwetu wana subira ya kuuliza hivyo wakanyamaza?

Wazazi, shikeni saa, taa na subira. Kalamu mwachieni mwenyewe. Nanyi walimu, daftari likija na jibu baya kwa mwandiko wa mtoto, lipokeeni kwa furaha. Hapo ndipo pa kuanzia kufundisha.