Jembe la Mama, Hati ya Baba

Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilitunyima misimu mitano mfululizo, kisha 2023 yakaja mafuriko ya El Nino. Wakulima wa Ganze na Kinango wanahimizwa wapande mihogo na mtama, wavune maji ya mvua. Sipingi. Lakini mara nyingi anayelima ni mama, na shamba lina jina la mume. Mkopo hapati, na akifiwa, mashemeji hulidai. Nani atachimba bwawa kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho? Kifungu cha 60 cha Katiba kinataka ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi ukomeshwe. Sisi Waislamu, Qur'ani imempa mjane thumuni palipo na watoto, robo pasipo. Wazee wetu, mbegu zije, lakini haki ya mama itangulie.