KWA NINI HATUKUICHAPA BARUA ILE

Wiki tatu zilizopita ililetwa mezani petu bahasha ya kaki, na ndani yake karatasi moja. Ilikuwa nakala ya barua fupi iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake sahihi ya mweka hazina wa tawi moja la wafanyakazi. Katika barua hiyo mweka hazina anaonekana akimwahidi mwajiri kwamba mgomo utakufa kabla ya mwisho wa mwezi, naye apewe kile alichoahidiwa. Ndugu walioileta walitaka ichapwe kesho yake, ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya sahihi.

Hatukuichapa. Tangu siku hiyo tumepokea lawama nyingi. Wako wasemao kwamba tumetiwa kitu mkononi. Wako wasemao kwamba gazeti la chama sasa limekuwa gazeti la mabwana. Mzee mmoja wa tawi, mtu tumheshimuye sana, alikuja mwenyewe ofisini akatuuliza kama macho yetu hayaoni mwandiko ambao kila mfanyakazi wa kiwanda kile anaujua. Tulimjibu kwa mdomo, lakini si kwa ukamilifu. Yatupasa kumjibu hapa, mbele ya wote.

Hatusemi kwamba mweka hazina ni mtu safi. Hilo hatulijui. Twasema tu kwamba kilicholetwa kwetu si barua, bali ni picha ya barua; na picha ya barua haiwezi kuulizwa maswali ambayo barua yenyewe huulizwa.

Turudi nyuma kidogo, kwani jambo hili limekwisha kuwapata wenye magazeti wakubwa kuliko sisi. Tarehe 18 Aprili 1887 gazeti la The Times la London lilichapa picha ya barua yenye sahihi ya Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ireland waliotaka nchi yao ijitawale. Barua ilimwonyesha akiwaradhi wauaji waliowachoma visu wakuu wawili wa serikali ya Kiingereza katika bustani ya Phoenix, Dublin, mwezi Mei 1882. Parnell akasimama Bungeni usiku ule ule akakana. Hakuaminiwa. Watu walisema, kama asemavyo mzee wetu: mwandiko si ndio huu? Gazeti lilikuwa limekwisha kumwonyesha mjuzi wa miandiko, naye akaridhika.

Mwaka 1888 ikaundwa tume ya majaji watatu. Mwezi Februari 1889 akaitwa kizimbani mtu aliyeziuza barua zile, Richard Pigott, ambaye, kwa aibu yetu sote tushikao kalamu, alikuwa zamani mwenye magazeti huko Dublin. Wakili wa Parnell, Sir Charles Russell, hakuanza kwa kelele. Alimpa karatasi akamwomba aandike maneno machache: majina mawili matatu, neno hili na lile, na mwisho, kana kwamba amelikumbuka ghafula, neno la Kiingereza lenye maana ya kusitasita. Pigott akaandika. Penye herufi a akatia e. Na katika mojawapo ya barua zilizosemwa kuwa za Parnell, neno lile lile lilikuwa na kosa lile lile.

Baada ya siku chache Pigott alikiri kwamba alizitunga barua hizo mwenyewe. Alikuwa na barua za kweli za Parnell. Akaziweka juu ya kioo cha dirisha, karatasi tupu juu yake, akafuatisha maneno kwa mwanga wa jua. Kisha akakimbilia Madrid, na polisi walipomfikia tarehe 1 Machi 1889 akajipiga bastola. The Times lilimlipa Parnell pauni 5,000, na gharama za tume zililigusa kwa zaidi ya pauni 200,000. Gazeti lile lilikuwa na mfuko wa kubeba hasara hiyo. La kwetu halina. Lakini hata lingekuwa nao, pauni ngapi zingemrudishia mweka hazina wa tawi jina lake mbele ya wenziwe?

Jambo la kuangalia hapa ni kioo cha dirisha. Afuatishaye sahihi ya mwingine hupata umbo, lakini hapati mwendo. Mkono wa mtu anayetia sahihi yake hupita haraka bila kufikiri. Kalamu hugusa karatasi ikiwa tayari inakwenda, na huondoka ingali inakwenda, hata mistari huanza myembamba na kuishia myembamba. Mwigaji huchora. Wino wake huanza kwa nukta nzito na kuishia butu. Mstari hutetemeka mahali pasipo sababu. Kalamu huinuliwa katikati ya herufi ili jicho litazame tena mfano, kisha hushushwa karibu na ilipoachia. Mwenye kuchunguza huyaona hayo kwa darubini na kwa taa iliyolazwa ubavuni mwa karatasi, hata vivuli vya mifereji ya kalamu vikasimama. Ajabu nyingine ni hii: hakuna mtu atiaye sahihi mbili zilizo sawasawa kabisa. Zikiwekwa moja juu ya nyingine zikaingiana kila ukunjo, basi moja ni mtoto wa nyingine.

Katika nakala ya mashine hayo yote yamekufa. Wino umekuwa unga mweusi uliobandikwa kwa moto. Mifereji hakuna, uzito wa mkono hakuna. Na mtu mwenye mkasi na gundi anaweza kukata sahihi katika fomu ya likizo, akaibandika chini ya maneno yoyote apendayo, akapitisha katika mashine, na mpaka wa mkato usionekane. Hatusemi imefanywa hivyo. Twasema nakala haiwezi kutuambia kwamba haikufanywa.

Mzee wetu anasema anaujua mwandiko. Hapa twaomba radhi tuseme neno ambalo litawachekesha waliosoma pamoja nasi. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kuandika kwa kufuata kielelezo kimoja ubaoni, mstari kwa mstari, na fimbo ilikuwa karibu. Mpaka leo, tuko watu wa makamo, bado twakunja herufi k kwa namna ile ile, na mkia wa y twaupeleka kule kule. Akichukua barua za watu kumi wa darasa letu, mgeni ataapa kwamba zimeandikwa na mkono mmoja. Kufanana kwa namna hiyo ni alama ya mwalimu, si alama ya mtu. Kinachomtambulisha mtu ni kile alichokiharibu katika mafundisho: jinsi anavyoruka nukta, anavyoachanisha maneno, anavyokosea daima pale pale, kama Pigott.

Na hata mabingwa hukosea wakitaka kuona walichokwisha kukiamini. Nchini Ufaransa mwaka 1894 ilipatikana karatasi iliyookotwa katika takataka za ubalozi wa Ujerumani mjini Paris, yenye orodha ya siri za jeshi. Akashukiwa Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi. Waliulizwa wajuzi watano. Wawili walisema mwandiko si wake, watatu wakasema ni wake. Mmoja wa hao watatu, Alphonse Bertillon, mkuu wa idara ya utambulisho katika polisi ya Paris, hakuwa mjuzi wa miandiko hasa. Alipoona mahali ambapo mwandiko haufanani, alisema Dreyfus aliugeuza makusudi ili aweze kukana. Tazameni hoja hiyo, ndugu: ukifanana ni wake, usipofanana ni ujanja wake. Mshitakiwa atatokea wapi? Alipelekwa Kisiwa cha Shetani. Baadaye ikaonekana kwamba mwandiko ulikuwa wa afisa mwingine, Esterhazy. Mjuzi mmoja katika wale watatu, Étienne Charavay, alisimama mwaka 1899 mbele ya mahakama ya Rennes akakiri kwamba alikosea. Bertillon hakukiri.

Tena kesi hiyo hiyo yatufundisha juu ya karatasi. Wakubwa wa jeshi walikuwa na barua nyingine ya kumtia hatiani Dreyfus, wakiitegemea sana. Mwezi Agosti 1898 Kapteni Cuignet aliitazama usiku kwa mwanga wa taa, akaona kwamba vijistari vya miraba vya juu na chini vilikuwa na rangi moja, na vya katikati rangi nyingine. Zilikuwa karatasi mbili zilizounganishwa. Meja Henry, aliyezibandika, alikiri, akafa kwa mkono wake gerezani siku iliyofuata. Jambo lililowashinda majaji na mawaziri kwa miaka likafumbuliwa na mtu aliyeitazama karatasi yenyewe. Angepewa picha yake, angeona nini? Hata hivyo Dreyfus hakusafishwa kabisa mpaka mwaka 1906.

Juu ya wino tutasema kwa ufupi. Kila wino una mapishi yake. Bolpeni haikuuzwa madukani kabla ya miaka ya 1940, kwa hiyo hati ya mwaka 1930 iliyoandikwa kwa bolpeni inajishitaki yenyewe. Wino mbili zinazoonekana nyeusi kwa macho huachana zikiangazwa kwa mwanga mwekundu usioonekana. Moja hutoweka, nyingine hubaki, na hapo tarakimu 1 iliyogeuzwa kuwa 7 katika hundi hujifichua. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitoa marki milioni 9.3 kwa madaftari yaliyosemwa kuwa ya Hitler. Wajuzi wa mwandiko waliridhika, kwa kuwa baadhi ya vielelezo walivyopewa kulinganisha vilikuwa vimeandikwa na mghushi yule yule, Konrad Kujau! Lakini karatasi ilikuwa na dawa ya kung'arisha iliyoanza kutiwa katika karatasi miaka ya 1950, na Hitler alikufa mwaka 1945.

Msomaji ataweza kusema: hizi ni elimu za wakubwa, nazo daima humlinda mkubwa. Sivyo. Mwezi Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 katika vilabu viwili vya pombe mjini Birmingham, Uingereza. Wakakamatwa watu sita waliotoka Ireland, wakafungwa maisha mwaka 1975, kwa sehemu kubwa kwa maneno ambayo polisi waliapa kwamba wameyasema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilitengenezwa London kifaa kisomacho alama zisizoonekana. Uandikapo juu ya bunda la karatasi, kila karatasi ya chini hupokea mkandamizo wa ile ya juu. Karatasi hufunikwa utando mwembamba, hutiwa umeme, kisha humwagiwa unga mweusi, nao unga hukaa palipokandamizwa. Maneno ya karatasi iliyokuwa juu yakajitokeza, wala karatasi haidhuriki. Karatasi za polisi zilipopimwa hivyo, ikaonekana kwamba maandishi ya mahojiano ya mmoja wa wale sita hayakuandikwa kwa namna polisi walivyoapa. Hilo, pamoja na kuporomoka kwa ushahidi wa kemia, liliwafungulia mlango tarehe 14 Machi 1991, wakiwa wamekaa gerezani miaka kumi na sita. Laiti mtu angaliyachoma makaratasi yale na kuacha nakala tu, wangalifungulikaje?

Basi ndugu waliotuletea bahasha tuliwaambia hivi. Leteni barua yenyewe, na bahasha yake. Msiitoboe, msiikunje upya, msiandike kitu juu yake, na msiweke karatasi nyingine juu yake mkaandika. Tutafuteni maandishi ya mweka hazina ya mwezi ule ule, aliyoyaandika katika kazi zake za kila siku pasipo kujua kwamba yatachunguzwa: stakabadhi, kumbukumbu za mikutano, daftari la michango. Nasi tutampelekea mweka hazina aisome kabla haijasomwa na mtu mwingine yeyote, na jibu lake litachapwa pamoja nayo. Walikasirika zaidi kwa sharti hilo la mwisho kuliko yote. Walisema tukimwonyesha ataandaa uongo. Labda. Lakini hata Pigott alipewa nafasi ya kushika kalamu mbele ya majaji.

Hatufichi kwamba kungoja kwetu kuna madhara. Ikiwa barua ile ni ya kweli, basi kila siku tunayokaa kimya mgomo unauzwa, na wake na watoto wa wale wanaume 300 wanalala na njaa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupokea bei. Jambo hilo limetunyima usingizi. Tumelipima na lingine: kwamba kama ni ya uongo, aliyeitunga alitaka hasa tawi ligawanyike juma hili, wala hakupata tarishi mwema kuliko sisi. Mwajiri asingeweza kuichapa katika gazeti lake, nani angemwamini? Lakini ikitoka katika gazeti la chama, kila mfanyakazi angeiamini kabla hajamaliza kuisoma. Kwa sababu hiyo gazeti letu linastahili kuogopa zaidi kuliko magazeti mengine.

Liko pia swali dogo ambalo hakuna aliyetujibu bado. Nakala inaonyesha kivuli chembamba kilichonyooka, kikipita juu kidogo ya sahihi, kutoka upande mmoja wa karatasi hata wa pili. Pengine ni mkunjo. Pengine ni uchafu wa kioo cha mashine. Na pengine ni ukingo wa karatasi juu ya karatasi. Mtu mwenye barua yenyewe mkononi angejua kwa dakika moja, kwa kupitisha kidole.

Ijumaa iliyopita mmoja wa ndugu hao alirudi peke yake. Alisema barua yenyewe ipo, nayo iko kwa mtu asiyetaka kutajwa, na kwamba atajitahidi kuileta. Tumemwekea nafasi Jumatatu asubuhi, na mweka hazina ameombwa awepo.