Kuvuta Si Kubeba

Mwandishi aliyedai kwamba pikapu ya F-150 itavuta salama karavani yoyote isiyozidi uzito uliotangazwa na kiwanda amewapotosha wasomaji. Karavani ya kilo 3,200 huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano, tuseme kilo 400, na huo ni mzigo wa gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko: kama kinaruhusu kilo 700 za watu na mizigo, zimebaki 300. Wazazi, watoto watatu, jenereta. Umeshapitiliza, injini ikiwa bado haijalalamika! Nyuma panadidimia, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Na ukihamishia mizigo nyuma ya karavani, itayumba barabarani, jambo baya zaidi. Tafadhali, pimeni uzito kwenye mzani kabla ya kununua karavani.