Korongo wa Gusii: Nani Ashike Daftari?

Tulipokuwa watoto chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, alivyokagua jeshi lake la ndege akamkosa hudhud. Alikosekana ndege mmoja tu, na mfalme akaulizia. Kisa hicho hunirudia kila nisikiapo habari za watu wa kujitolea wanaoamka alfajiri kwenda kuhesabu ndege.

Gusii haina maziwa kama Naivasha na Nakuru. Kisii na Nyamira zina mabonde, na mabondeni mna vinamasi kama kile cha Sironga. Humo ndimo astahilimo kuhesabiwa korongo taji, yule mwenye kishungi cha dhahabu ambaye jirani zetu wa Uganda wamemtia katika bendera yao.

Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari. Mwaka 1985 korongo hawa walikisiwa kuwa zaidi ya 100,000 Afrika nzima. Kufikia 2004 makisio yalishuka hadi kati ya 50,000 na 64,000. Mwaka 2012 wakatiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Lakini hesabu nayo ina hila zake. Korongo huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mwenye kuhesabu vichwa tu atawaona wale wale mwaka baada ya mwaka, aseme mambo ni salama, kumbe nyumba haina mtoto. Ndiyo maana mhesabuji hodari huandika makinda mbali na wakubwa.

Na kinda atapatikana wapi? Korongo hujenga tundu lake katika matete yenye maji, akataga mayai mawili au matatu. Bonde likikaushwa kwa mikaratusi, likichimbwa udongo wa matofali, likilimwa hadi ukingo wa mto, hana pa kutagia.

Tusiwe wepesi kumlaumu mkulima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Kisii, na zaidi ya laki sita Nyamira. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu. Aliyeangukiwa na kipande cha bondeni hana kingine kilimani. Mkaratusi ndio karo ya mwanawe. Kumwambia amwachie ndege bonde, bila ya kumwonyesha atakula nini, ni kumpa mawaidha mwenye njaa.

Hata hivyo, kinamasi kinachomlea korongo ndicho kinachohifadhi maji ya chemchemi wakati wa kiangazi. Daftari la ndege ni daftari la maji pia. Wa kulishika ni wenyeji wenyewe, walimu na wanafunzi wa shule za ukingoni, wala si mgeni apitaye na darubini yake.

Suleiman alimkosa hudhud kwa sababu alikuwa akimjua. Korongo wa Gusii, siku atakapokosekana, nani ataulizia?